Wataalamu wa Mazingira na Lugha ya Barazani

Masomo ya mazingira yamekwisha kuota mizizi katika vyuo vikuu vyetu. Moi, Kenyatta, Egerton na Nairobi, vyote hufundisha taaluma hii, na kila mwaka vijana huvaa majoho na kutoka humo na shahada zao. Wanajua kupima udongo, kusoma picha za setilaiti na kuandika ripoti nene. Hayo ni ya kusifiwa. Lakini mwambie mmoja wao asimame mbele ya wavuvi au wakulima, awaeleze kwa Kiswahili yaliyomo katika ripoti yake. Aghalabu utamwona akibabaika na kukimbilia Kiingereza kila baada ya maneno matatu.

Haya si malalamiko ya mwanaisimu anayetafuta vipindi zaidi katika ratiba. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zilimtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathiriwa, awaeleze mradi wenyewe na athari zake. Ataeleza kwa lugha gani, ikiwa mtaalamu aliyemwajiri alifunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza peke yake?

Tuitazame Lamu. Mnamo Juni 2019, mahakama maalumu ya kitaifa ya mazingira ilibatilisha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sidai kuwa Kiingereza ndicho kilichoiangusha leseni hiyo. Ila ripoti ya kurasa mamia kwa mamia, katika lugha ya kigeni, haiwezi kuitwa maelezo kwa mvuvi wa Pate.

Tena Lamu hiyo hiyo ndiyo yenye zaidi ya nusu ya misitu ya mikoko ya Kenya. Mwanafunzi hukariri darasani Rhizophora mucronata na Avicennia marina. Mzee wa pwani anayo majina yake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Anajua upi hutoa boriti za nyumba na upi hufaa kwa mataruma ya jahazi. Huyapanga maisha yake kwa bamvua na maji mafu, kwa kaskazi na kusi. Hiyo nayo ni elimu ya mazingira, na mwanafunzi anaweza kuhitimu bila ya kuulizwa hata neno moja kati ya hayo.

Wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina istilahi. Bioanuwai, mfumo ikolojia, mmomonyoko wa udongo na tabianchi ni nini basi? Ugumu uliopo ni wa matumizi. Mathalani, tumezoea kusema "mabadiliko ya hali ya hewa". Mkulima akisikia hivyo hushangaa, kwani hali ya hewa hubadilika asubuhi na jioni, naye ameiona ikibadilika tangu utotoni. "Tabianchi" humweleza kwamba ni mwenendo wa miaka mingi, kama tabia ya mtu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo lote, na mhadhiri anayefundisha kwa Kiingereza tu hana haja ya kuifikiria.

Ninalopendekeza si kuhamisha kozi nzima. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike muhtasari wa utafiti wake kwa Kiswahili sanifu, kisha arudi alikokusanya data, ausome barazani na kujibu maswali ya wenyeji. Wahadhiri wawili wamsahihishe, mmoja wa mazingira na mmoja wa Kiswahili. Najua itaulizwa nani atalipa nauli. Wanafunzi hawa tayari hupelekwa nyanjani kukusanya data. Safari ya kurudisha majibu isionekane kuwa anasa. Alama 20 katika 100 zingetosha kwa kuanzia.