Jenerali Aliyekwenda Kukagua Madarasa

Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Omondi Ogolla, alikuwa katika Shule ya Upili ya Wavulana ya Cheptulel, kaunti ya Pokot Magharibi. Alikwenda kuwaona askari wa Operesheni Maliza Uhalifu, na kuangalia ukarabati wa shule zilizoharibiwa na majangili, kazi ambayo serikali ilikuwa imewakabidhi wanajeshi. Baada ya saa nane mchana helikopta yake ilipaa kutoka hapo shuleni na kuanguka punde tu. Ndani walikuwa watu 12. Wawili ndio waliopona.

Alikuwa mtu wa angani. Aliandikishwa jeshini tarehe 24 Aprili 1984, kwa hiyo zilimbakia siku sita tu atimize miaka 40 ya utumishi. Alikuwa rubani wa ndege za kivita, kisha mkufunzi wa marubani. Mwaka 1992 na 1993 alikuwa Yugoslavia ya zamani na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Aliongoza kambi ya anga ya Laikipia, na mwaka 2018 akawa Kamanda wa Jeshi la Anga. Miongoni mwa aliyosomea ni uchunguzi wa ajali za ndege. Aprili 2023 Rais William Ruto alimpandisha kuwa Mkuu wa Majeshi, ingawa alikuwa katika ujumbe uliodaiwa kwenda Bomas, kituo cha kujumlishia kura, kutaka ushindi wa Ruto ubatilishwe Agosti 2022, matokeo ya uchaguzi yakisubiriwa, na Ruto mwenyewe alilisema jambo hilo hadharani.

Mimi kinachonishika zaidi ni zile shule.

Mpango ulikuwa mwepesi kuandika. Februari 2023, kupitia operesheni hiyo ya Maliza Uhalifu, serikali ya Kenya ilipeleka jeshi kusaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Askari watangulie, madarasa yafuate, kisha watoto warudi. Kwenye karatasi mambo hayo matatu yanafuatana vizuri. Huko mabondeni yanagongana. Majangili wakisikia magari hupanda makorongo na kungoja. Mwalimu aliyetoka mbali anaomba uhamisho. Mzazi aliyehama na mbuzi wake hawezi kumwacha mtoto nyuma kwa sababu tu bati jipya limepigiliwa.

Mwanajeshi ana faida yake kama fundi. Hangoji zabuni, wala hakimbii risasi ikilia. Lakini siku anayoondoka, mlinzi na fundi wanaondoka pamoja, kwa kuwa ni mtu mmoja. Ndiyo maana naona safari ile ilikuwa ya lazima. Ripoti hufika mezani ikiwa imevaa nguo za sikukuu. Ukitaka kujua kama shule imefunguliwa kweli, uende, usimame uwanjani, uhesabu vichwa.

Sisi wa kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, tunaijua habari hii bila kufundishwa. Huko Namoya, katika teritwari ya Kabambare, kampuni ya Banro ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara mwaka 2016, mgodi wa mamilioni ya dola. Mashambulizi ya wanamgambo wa Mai-Mai Malaika, utekaji nyara na barabara iliyofungwa vilitosha. Mwaka 2019 kazi ikasimama. Mitambo ilikuwepo, dhahabu ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya lori kupita salama na wenyeji wa Salamabila, palipo na mgodi huo, kuona faida.

Na askari wa Kenya si wageni kwa Wakongomani. Walifika Goma Novemba 2022 wakiwa katika kikosi cha Afrika Mashariki, wakaondoka Desemba 2023, Ogolla akiwa mkuu wao Nairobi, baada ya Kinshasa kukataa kuwaongezea muda. Kinshasa iliwatarajia wapigane na waasi wa M23. Makubaliano ya wakubwa yalisomwa na kila mtu kwa miwani yake. Nao askari hao walipoondoka, vijiji vilivyokuwa mikononi mwao vilibaki na swali la nani anafuata.

Sasa tuna programu ya maendeleo ya teritwari 145, Kasongo na Kabambare zikiwemo, yenye bajeti ya zaidi ya dola bilioni 1.6 kwa nchi nzima: shule, vituo vya afya, majengo ya utawala, barabara. Ni mpango mzuri, na jengo la matofali ni heri kuliko nyasi zinazovuja. Ila toka elimu ya msingi itangazwe kuwa bure mwaka 2019, walimu wengi tunaowaita NU, yaani wapya wasio kwenye orodha ya mishahara, wanafundisha kwa subira tu. Mtu akipeleka sementi hadi Wamaza, huko Kabambare, wakati wa mvua, kwa pikipiki zinazozama matopeni, anastahili kusifiwa. Lakini darasa hilo likikabidhiwa kwa mwalimu asiyelipwa, nani atasema mradi umekwisha?

Mpango mmoja wa Ogolla ulitekelezwa kama alivyouandika: azikwe ndani ya saa 72, bila jeneza. Jumapili tarehe 21 Aprili alizikwa kwao Siaya hivyo hivyo, katika jamii ambamo matanga huweza kuchukua wiki na kumaliza ng'ombe wa ukoo. Aliyeagiza alikuwa amekwishaondoka, lakini familia na jeshi walikubali, na kila mtu alijua kazi yake.

Mei 2024 Jenerali Charles Kahariri alishika nafasi yake, na operesheni ikaendelea. Ujumbe wa wakaguzi ukifika Kabambare siku moja, na uanze kwa kuomba majina ya walimu na mwezi wa mwisho waliolipwa. Paa wataliona wenyewe.