Je, Wajua? Dawa ya Saratani Hupandikizwa Ndani ya Ubongo

Je, wajua kwamba ipo dawa ya saratani ya ubongo isiyomezwa wala kudungwa mshipani? Ni kisahani kidogo cha polima iliyochanganywa na dawa ya kamustini, chenye upana wa milimita 14 hivi na unene wa milimita 1. Daktari wa upasuaji akishaondoa uvimbe, huvipanga visahani hivyo, visivyozidi 8, katika uwazi uliobaki, kisha hufunga fuvu. Polima humomonyoka taratibu kama sabuni, na dawa hutoka kidogo kidogo palepale penye seli za saratani zilizosalia. Mwili mzima hauogeshwi sumu.

Robert Langer na daktari Henry Brem, wote wa Marekani, ndio walioongoza ubunifu huo, ulioidhinishwa huko mwaka 1996. Hauponyi kabisa. Katika utafiti mmoja wa wagonjwa wapya, nusu ya waliowekewa visahani vyenye dawa waliishi zaidi ya miezi 13.9; kwa wasiowekewa dawa, ilikuwa miezi 11.6. Kwa familia inayouguza, miezi hiyo miwili ni mingi. Lakini haitoshi, na watafiti wanaotafuta polima bora zaidi wanastahili kuungwa mkono.