Afya ya Watumishi Imo Ndani ya Ikama (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini taasisi za ukubwa wa kati, zenye watumishi mia moja hadi mia tatu hivi, zina shida za aina yake. Duka la watu wanane lina mwenye mali anayemjua kila mtu na hali ya nyumbani kwake. Shirika kubwa lina idara nzima ya utumishi na tawi la chama cha wafanyakazi linalosikika. Hospitali binafsi ya mkoani, shule ya bweni, kiwanda cha kukamua alizeti, chama cha akiba na mikopo kilichopanuka: hizi zimeshavuka udogo, ila mara nyingi zina afisa utumishi mmoja, na huyo huyo ndiye anayeandaa mishahara, kupeleka michango ya NSSF na kuagiza fulana za Mei Mosi. Hoja yangu ya leo ni kwamba hali ya watumishi wa taasisi kama hizo, mwilini na moyoni, hutokana na walivyopangwa kuliko wanavyoburudishwa. Nani yuko kada gani, ana mkataba gani, na ana kauli gani juu ya saa zake za kazi: hayo yana uzito kuliko semina na bonanza zote za mwaka.

Ushahidi mzito kuhusu jambo hili unatoka London. Kuanzia 1967 watafiti walifuatilia afya ya wanaume takribani 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali ya Uingereza, na Michael Marmot na wenzake wakachambua vifo vyao kwa kufuata vyeo. Katika miaka kumi ya ufuatiliaji, watarishi na mabawabu wa umri wa kati walikufa takribani mara tatu ya wakuu wa idara wa umri huo huo. Watu wengi wangetarajia tofauti kati ya fukara na tajiri. Lakini hapa hakuna aliyekuwa fukara wa kutupwa. Wote walikuwa na ajira ya kudumu na wote walitibiwa na mfumo mmoja wa afya. Tena tofauti ilishuka ngazi kwa ngazi, kiasi kwamba hata aliyekuwa hatua moja tu chini ya wakuu alikuwa na hali mbaya kuliko wao. Sigara, shinikizo la damu na lehemu vilieleza sehemu tu ya pengo hilo, tena haikufika nusu. Utafiti wa pili, ulioanza 1985 na kuhusisha wanaume na wanawake 10,308, ulitafuta sababu nyingine, na matokeo yaliyochapishwa 1997 yalionyesha kwamba mtu asiye na uamuzi juu ya kazi yake anapata maradhi mapya ya moyo zaidi ya yule mwenye uamuzi.

Yupo atakayesema kwamba huenda mambo ni kinyume: wagonjwa ndio wanaobaki chini, na wenye afya hupanda. Ni pingamizi la haki, na kwa kiasi fulani ni kweli mahali popote pa kazi. Lakini watafiti hawakutegemea malalamiko ya wafanyakazi wenyewe. Walipima pia kazi zenyewe kwa maoni ya wasimamizi, kisha wakawafuatilia watu kwa miaka kabla ya ugonjwa kujitokeza. Kukosa uamuzi kulitangulia, ugonjwa ukafuata.

Tulete jambo hili wodini. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Akirudi kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sheria hiyo hiyo inamkinga na kazi ya usiku kwa miezi miwili baada ya kujifungua, na zaidi ya hapo akiwa tu na cheti cha daktari, maana yake akimaliza zile siku 84 bila cheti anaweza kupangiwa usiku mara moja. Sasa chukua wodi inayoachiwa muuguzi mmoja kuanzia saa mbili usiku hadi asubuhi. Ana wagonjwa wenye dripu, ana dawa za saa sita, ana simu ya daktari wa zamu. Atamwachia nani wodi aende kunyonyesha? Haki yake haikufutwa na mtu yeyote, na pengine mwajiri wake hata hajui kwamba ameivunja. Imezimwa na ikama iliyoweka mtu mmoja mahali panapohitaji wawili. Mama huyo atakamua maziwa chooni, atachoka, ataomba ruhusa ya ugonjwa, na kwenye taarifa ya robo mwaka ataonekana kama tatizo la utoro.

Ndiyo maana siridhiki taasisi inapojisifu kwamba asilimia sitini ya watumishi wake ni wanawake. Nauliza wako wapi. Wakiwa wamejaa jikoni, wodini na kwenye usafi, huku menejimenti ina mwanamke mmoja, takwimu hiyo inaficha kuliko inavyofunua. Rosabeth Moss Kanter, katika utafiti wake wa kampuni kubwa ya Marekani uliochapishwa 1977, alionyesha kwamba kundi likiwa chini ya kama asilimia 15 ya wenzake, kila mmoja wao huangaliwa kama mwakilishi wa jinsi yake yote, na kosa lake huhesabiwa kuwa kosa la wote. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 nayo inataka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi aajiri angalau asilimia 3 kutoka kundi hilo. Kwa taasisi ya watu 200 hao ni sita. Sita wakiwekwa wote mapokezi na kwenye swichibodi, idadi imetimia na upweke wao umebaki pale pale.

Kisha kuna mikataba. Mtumishi wa mkataba wa miezi mitatu haombi likizo mkataba ukikaribia kwisha, na hasemi lolote bosi akimtukana. Kisheria, baada ya miezi sita kwa mwajiri yule yule, hata kama ni kwa mikataba kadhaa, anakingwa dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Lakini kinga usiyoijua haikupi usingizi. Walinzi wana hali ngumu zaidi. Anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, anakesha saa 72, wakati saa za kawaida kisheria ni 45. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kuliongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na kwamba kulichangia vifo 745,000 mwaka 2016. Mlinzi huyo, akiletwa na wakala, hamo kabisa kwenye ikama ya taasisi anayoilinda.

Wapo wanaosema kwamba kuwapa watumishi wa chini kauli ni fikra za kizungu. Historia yetu inakataa. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ndio ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara ya 15, ukawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliitumia ibara hiyo kuwashtaki mameneja waliowatukana. Walijua kinachowaumiza.

Pingamizi la fedha nalichukulia kwa uzito, kwa sababu muuguzi wa pili wa usiku analipwa mshahara. Hata hivyo, kubandika ratiba ya zamu wiki mbili mapema hakugharimu kitu, wala kuwaruhusu watumishi kubadilishana zamu wenyewe, wala kumketisha mpishi na mfagizi kwenye kikao kinachopanga saa zao. Nawaomba mameneja, kabla ya kuidhinisha fedha za bonanza lijalo, waweke mezani ikama, ratiba ya zamu na rejista ya ruhusa za ugonjwa, wazisome pamoja, jina kwa jina.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu walinzi na wasafishaji wanaoletwa na mawakala, na nani anawajibika wanapoumia kazini.