Ngano na Watoto (3): Zamu ya Mbwa Mwitu Kujitetea

Wiki iliyopita tuliona jinsi mtoto wa miaka mitatu anavyokuja juu msimuliaji akiruka hata neno moja la hadithi aliyoizoea. Ukali huo ni mtaji. Anayeijua ngano kiasi cha kuilinda ndiye atakayecheka ikipinduliwa.

Gianni Rodari wa Italia, aliyepata Tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 1970, alilifahamu hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1962 yumo babu anayemsimulia mjukuu kisa cha Kofia Nyekundu, ila anaanza kwa kusema kofia ya njano. Mtoto anamkatiza: nyekundu! Babu haachi. Binti katumwa kwa shangazi, kabeba ganda la kiazi, na huko msituni anakutana na twiga. Kila kosa linasahihishwa papo hapo. Ukitazama vizuri, mzee, ambaye hamu yake ni kurudi kwenye gazeti lake, karibu hajasimulia kitu. Msimuliaji ni mjukuu.

Mchezo huo hauhitaji kitabu. Mwenye kitabu naye ana cha Jon Scieszka wa Marekani, kilichotoka mwaka 1989, ambamo mbwa mwitu anajitetea kuhusu wale nguruwe watatu. Eti alikwenda kuazima sukari ya keki ya bibi yake, mafua yakambana, akapiga chafya, nyumba ya nyasi ikaanguka. Nguruwe akafa, naye akaona si vizuri kuacha nyama iharibike! Hapo funga kitabu kidogo, umuulize mtoto kama anamwamini. Wa miaka mitano atakupa hukumu yenye hoja. Ila asiyewahi kusikia kisa cha awali ataona mgonjwa wa mafua tu, kwa hiyo tangulia na kile cha zamani, tena kwa siku kadhaa.

Wapo wazee wanaonung'unika kwamba huku ni kuziharibu ngano. Zipi hizo zilizokaa bila kuguswa? Kwa Charles Perrault, mwaka 1697, mbwa mwitu anammeza Kofia Nyekundu na hadithi inaishia hapo. Mwindaji wa kumwokoa tunamkuta kwa ndugu Grimm, mwaka 1812. Na katika ngano za Zanzibar alizochapisha Edward Steere mwaka 1870 yumo paa anayemtajirisha bwana wake maskini na kumwoza binti wa Sultani Darai, hila zilezile za paka mwenye mabuti wa Perrault. Lakini paka anaishia kwenye raha. Paa anaugua, bwana wake anamdharau mpaka anakufa, kisha bwana huyo anajikuta yuko jaani alikoanzia. Mimi naona mwisho wa Zanzibar una uzito zaidi, na mtoto akisimuliwa zote mbili atakuwa na la kubishania.

Si kila mzaha unamfaa mdogo. Mashairi ya Roald Dahl ya mwaka 1982 yanampa Kofia Nyekundu bastola, na ngozi ya mbwa mwitu inageuzwa koti. Hayo yasubiri shule ya msingi. Kwa wa chekechea chukua Eugene Trivizas wa Ugiriki, aliyewageuza mbwa mwitu kuwa watatu wapole na nguruwe kuwa jitu baya. Jitu hilo linabomoa nyumba ya matofali, ya zege na ya chuma, hadi linapofika kwenye nyumba ya maua, likavuta pumzi ili lipulize, likasikia harufu, likaanza kucheza.

Wiki ijayo: Sungura na Fisi wakibadilishana nafasi.