Rudisheni Breki ya Mbele

Swali ni lile lile kila kiangazi: "Fundi, mimi na mke wangu tunateremka kutoka Iten. Nitoe breki za mbele zisije zikaturusha?" Wengine hata hawaulizi. Mume analeta baiskeli mbili. Yake ina breki zote, ya mkewe waya wa mbele umeshachomolewa na kuzungushwa kwenye foku, na anataka nikaze ya nyuma tu. Anaamini amemlinda mwenzake. Ukweli ni kwamba amemnyang'anya breki iliyo na nguvu, kisha anampeleka kwenye barabara inayoanzia Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ikapita Tambach kwa kona za kujikunja na kushuka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Wala haishii hapo. Ukishavuka mto pale Chebloch unapanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, halafu unateremka tena kuelekea Marigat.

Imani yenyewe inajulikana nchi nzima: ukiminya ya mbele, unapaa juu ya usukani. Watoto hufundishwa hivyo wakipanda baiskeli mara ya kwanza, na wanazeeka nayo.

Tazama abiria wa matatu dereva anapokanyaga breki. Wote wanasukumwa mbele. Juu ya baiskeli ni vivyo hivyo: ukianza kupunguza mwendo, uzito unahamia gurudumu la mbele na la nyuma linabaki jepesi. Gurudumu jepesi haliwezi kuishika barabara. Ukilibana linaacha kuzunguka, linaburuzika, mkia wa baiskeli unapepesuka, na wewe bado unakwenda. Kwenye lami kavu, aliye na breki ya nyuma peke yake anahitaji umbali mara mbili au zaidi ya anayetumia ya mbele vizuri. Hapo nazungumzia tambarare. Mteremkoni mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu baiskeli imeshainamia chini na gurudumu la nyuma limepoteza uzito hata kabla hujagusa kitu.

"Lakini jirani yangu alirushwa." Sikatai. Nikiwahoji walioanguka napata sababu zile zile. Mikono ilikuwa imelegea, basi baiskeli iliposimama mwili ukaendelea na safari. Mfuko ulining'inizwa kwenye usukani ukaingia kwenye spoku. Waya ulikuwa na kutu: ukiminya kidogo hausogei, ukiminya kwa nguvu unaachia ghafla na breki inauma yote kwa mara moja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kutoa breki. Waya wenye kutu unabadilishwa, na bei yake ni ndogo kuliko ya chakula cha mchana.

Kuna sababu nyingine ambayo wenzi hawaifikirii kabisa. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza na Kihindi, breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Nyingi za mitumba kutoka Marekani na bara la Ulaya zina ya mbele mkono wa kushoto. Sasa mmebadilishana baiskeli njiani, labda kwa sababu tandiko la mmoja linaumiza. Ng'ombe wanakatiza barabara. Mkono unaminya ulikozoea, na aliyedhani anaminya ya nyuma ameikaba ya mbele kwa nguvu zake zote. Akiinuka anaapa kwamba breki ya mbele ni muuaji. Haikuwa na kosa. Nyaya zilipaswa kupangwa upande mmoja kwenye baiskeli zote mbili kabla hamjatoka nyumbani, kazi ya muda mfupi sana.

Kisha kuna moto. Mtu, baiskeli na mizigo ya kulala njiani, tuseme kilo 100. Kuuteremsha uzito huo mita 1,000 kunatoa nishati inayotosha kuchemsha karibu lita tatu za maji. Upepo huchukua sehemu. Lakini ukishuka polepole huku umebana breki njia nzima, karibu yote inaingia kwenye rimu, na kama breki ni moja, rimu ni moja. Hewa ndani ya tyubu inavimba, gundi ya viraka inalainika, tairi linapasuka kwenye kona. Mnaopanda baiskeli ya viti viwili hamwezi kurushwa kirahisi, maana ni ndefu na nzito, ila joto lenu ni maradufu kwenye magurudumu yale yale mawili. Mtafute yenye breki ya tatu, ya ngoma, kwenye habu ya nyuma.

Basi fanyeni hivi. Sukuma baiskeli kwa mkono na uminye ya mbele: gurudumu la nyuma liinuke. Lisipoinuka, msiondoke. Tazama nyuzi za waya pale unapobanwa na nati, kama zimeanza kukatika badilisha. Mizigo iende kwenye keria, usukani ubaki mtupu. Mikono ikaze, makalio yarudi nyuma ya tandiko, minya kwa kuongeza taratibu. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha achia rimu zipoe. Zikipata moto simameni, msizimwagie maji. Kwenye kokoto, au tairi la mbele likiishiwa upepo, hapo ndipo ya nyuma inapofaa. Mvua ikinyesha, gusa breki mapema zikauke. Anayeogopa zaidi atangulie na aweke mwendo, mwenzake akae mbali nyuma yake. Na mkifika Kabarnet kagueni tena raba za breki, kwa sababu mteremko wa Marigat utazikuta zimeshalika.