Mdudu hubeba alichokula: namna ya kuchagua chakula salama kwa wadudu wa kulishia mijusi na kuku

Nyenje anayepewa mjusi, au funza anayetupiwa kuku, huingia tumboni mwa mlaji pamoja na mlo wake wa mwisho. Mlo huo ukiwa jani safi la sukuma wiki, mlaji hufaidika. Ukiwa pumba zilizoota ukungu, sumu yaweza kuvuka kutoka kwa mdudu hadi kwa mnyama, na pengine kutoka kwa mnyama hadi mezani.

Jambo hili linazihusu familia za Waswahili wa Malawi kwa njia mbili. Katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, umbali wa takriban kilomita 40 kutoka Lilongwe, wanaishi zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ilhali kambi hiyo iliyofunguliwa mwaka 1994 ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Huko, kama ilivyo katika mitaa ya Lilongwe mfano wa Kawale, kuku wachache nyuma ya nyumba ni akiba ya familia, na wadudu ni chakula chao cha bei nafuu. Kwa upande mwingine, wapo waliohamia Marekani na kwingineko, ambako watoto wao hukutana na desturi ngeni ya kufuga mjusi ndani ya kisanduku cha kioo. Mazingira ni tofauti, lakini kanuni ya kumlisha mdudu ni moja.

Kwa nini chakula cha mdudu kina uzito?

Mdudu hana mifupa, na kwa sababu hiyo wengi wao wana kalsiamu kidogo sana. Nyenje ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu mara kadhaa, ilhali mjusi anahitaji kinyume chake: kalsiamu inayoizidi fosforasi, kwa kiasi cha moja na nusu hadi mara mbili. Mjusi anayekula nyenje watupu kwa miezi mingi huanza kuchota kalsiamu katika mifupa yake mwenyewe. Taya hulegea, miguu hupinda, na hatimaye hushindwa hata kusimama. Ni ugonjwa unaofanana na matege ya watoto. Kwa kuku anayetaga, upungufu huohuo hujitokeza katika mayai yenye ganda jembamba linalovunjika ovyo.

Funza wa nzi askari mweusi, ambaye Tanzania huitwa pia nzi chuma, ni tofauti: ngozi yake huhifadhi kalsiamu nyingi. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wafugaji wa kuku na samaki kumpenda.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa uzito wa kazi hii. Bwawa la umeme lilipopunguza maji katika korongo la Kihansi, nchini Tanzania, vyura wadogo wasiopatikana penginepo duniani walianza kutoweka. Mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka uliofuata 100 kati ya wale waliozaliana ughaibuni walirejeshwa Dar es Salaam. Chura huyo hafikii urefu wa sentimita tatu, na huishi kwa kula wadudu wadogo mno. Kumlea chura kulimaanisha kuwalea kwanza wadudu wake, na kuwalisha ipasavyo.

Chakula gani kinafaa?

Chakula cha kila siku cha nyenje na funza wa nafaka chaweza kuwa pumba kavu za mahindi, ambazo Lilongwe huitwa madeya, au pumba za ngano. Pumba humkuza mdudu, lakini hazimtajirishi kwa kalsiamu. Kwa hiyo, saa 24 hadi 48 kabla ya kumtoa kwa mlaji, apewe mlo bora zaidi, ili tumbo lake lijae kinachohitajika. Akikaa na njaa baada ya hapo, tumbo humwagika na faida hupotea.

Mboga za majani zinazofaa zaidi ni sukuma wiki, kabichi ya Kichina na mpiru, kwani zina kalsiamu ambayo mwili huweza kuifyonza. Unga wa majani ya mlonge nao una kalsiamu nyingi, na waweza kuchanganywa na pumba. Karoti, boga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa huongeza viini vya vitamini A, ambayo wadudu wengi wanayo kidogo.

Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kutwangwa hadi yawe unga laini, ni chanzo cha kalsiamu kisicho na gharama. Hata hivyo, yasigeuzwe mlo wa kudumu: kalsiamu iliyozidi huwaua nyenje wenyewe, ndiyo maana hutolewa katika siku mbili za mwisho tu. Njia nyingine ni kumnyunyizia mdudu unga huo muda mfupi kabla ya kumtoa.

Maji nayo yana utaratibu wake. Nyenje huzama hata katika kisahani chenye kina kifupi. Kipande cha karoti au cha boga humpatia unyevu wa kutosha, ili mradi kiondolewe kabla hakijaoza.

Chakula gani kiepukwe?

Baadhi ya mboga zinazoheshimika mezani hazifai kuwa tegemeo la mdudu. Mchicha, unaoitwa bonongwe nchini Malawi, pamoja na spinachi, una kalsiamu, lakini pia una oksalati, kemikali inayoifunga kalsiamu hiyo isifyonzwe. Kidogo kilichochanganywa na mboga nyingine hakina neno. Mchicha mtupu kila siku ni kujidanganya.

Majani mabichi ya muhogo ni hatari zaidi. Kila mpishi wa sombe anajua kwamba majani hayo hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwa sababu yakiwa mabichi hutoa sianidi. Mdudu na mlaji wake hawana mwiko wala sufuria. Parachichi nalo, hasa majani, ganda na kokwa lake, lina sumu inayodhuru ndege. Wadudu wa kuku wasipewe. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani pia vitupwe.

Hatari kubwa kuliko zote huenda ndiyo inayodharauliwa zaidi: nafaka iliyoota ukungu. Mahindi na karanga vilivyohifadhiwa vikiwa na unyevu huota kuvu wanaozalisha sumukuvu ya aflatoksini, ambayo hudhuru ini. Nchini Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugua watu 317 na kuua 125 kati yao. Kupika hakuiondoi. Katika mwaka wa njaa, ni rahisi kusema kwamba mahindi yasiyofaa kwa mtu yapewe wadudu, na wadudu wapewe kuku. Utafiti umeonyesha kuwa funza wa nzi askari mweusi huweza kuivunja aflatoksini mwilini mwake bila kuilimbikiza. Lakini mabaki ya mlo wanamofugwa yaweza kubaki na sumu, na kuku anayeparua humo hula vyote kwa pamoja. Wala uwezo wa funza mmoja si dhamana ya kila mdudu.

Madini mazito hayavunjwi kamwe. Funza wa nzi askari mweusi hulimbikiza kadimiamu mwilini, hivyo taka za gereji, majivu ya betri na mboga zilizooteshwa kando ya mtaro wa maji machafu zisiingie katika ndoo yake.

Je, wadudu wa kuokota wanafaa?

Kumbikumbi, wanaoitwa ngumbi nchini Malawi, hujaa kwenye taa mvua zinapoanza, na watu na kuku hugombea sahani moja. Wanaotoka mahali pasiponyunyiziwa dawa hawana tatizo. Mashaka ni kwa mdudu anayeyumba. Mdudu aliyepata dawa bila kufa bado hushikika kwa urahisi kuliko mwenzake mzima, kwa hiyo mtoto anayekusanya panzi shambani huenda akajaza kopo lake kwa wale waliokwisha kuathirika. Wadudu wanaopatikana sakafuni baada ya nyumba kupigwa dawa ya mbu wafagiliwe na kutupwa. Vimulimuli nao wasipewe mjusi hata wakiwa wazima, kwani baadhi yao wana sumu yao wenyewe ambayo imewahi kuua mijusi wanaofugwa.

Kwa mboga za sokoni ambazo asili yake haijulikani, zioshwe vizuri, kisha kipande kidogo kipewe wadudu wachache waliotengwa. Wakifa ndani ya siku moja, mboga hiyo isitumike. Wakipona, jaribio limeonyesha tu kwamba haina dawa kali ya kuua wadudu. Halisemi lolote kuhusu ukungu au madini.

Sheria inasema nini?

Umoja wa Ulaya huwahesabu wadudu wa chakula kuwa mifugo, na hukataza kuwalisha kinyesi au mabaki ya mikahawa. Kenya ilipitisha mwaka 2017 viwango vya bidhaa za wadudu waliokaushwa zinazochanganywa katika chakula cha mifugo. Nchini Malawi, wanyama wa porini hulindwa na sheria: kinyonga wa kichakani hafugwi bila kibali, na aliyejeruhiwa ni vyema apelekwe kwa wataalamu.

Kwa mwenye kuku watano Dzaleka, viwango hivyo viko mbali, na hakuna mkaguzi atakayepita kuifungua ndoo yake ya funza. Kipimo alicho nacho ni macho na pua: pumba zinazonuka uvundo au zilizobadilika rangi zizikwe, hata kama mfuko wake umenunuliwa kwa taabu. Hata hivyo, pumba zisizonuka si lazima ziwe salama, kwa kuwa aflatoksini haina harufu wala rangi inayoonekana. Ndiyo maana ulinzi wa kwanza ni kuzianika vizuri na kuzihifadhi pakavu, kabla ya mdudu wa kwanza kuzila.