Makopo na ndoo mbovu: Tuzigeuze bustani kabla hazijawa mazalia ya mbu

Mvua ikikatika zunguka nyuma ya nyumba yako uangalie kuna nini. Katika nyumba nyingi utakuta ndoo iliyopasuka mdomo, dumu la mafuta ya kula lisilo na mfuniko, makopo ya maziwa ya unga na tairi bovu. Vyote vimetuama maji, na ndani yake kuna vidudu vinavyojinyonganyonga. Hivyo ni viluwiluwi vya mbu.

Mbu anayependa vyombo vya namna hii ni Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, iliyowasumbua wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mayai yake hugandamana kwenye kuta za chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa. Yakipata maji, baada ya wiki moja hivi mbu wapya wanaruka.

Badala ya kuviacha vyombo hivyo uani, tunaweza kuvifanya vyungu vya maua na mboga.

Jinsi ya kutengeneza

Kwanza, sugua chombo ndani na nje kwa brashi na sabuni ili kuondoa mayai ya mbu. Kumwaga maji tu hakutoshi.

Pili, toboa matundu matano au sita chini, na mengine mawili ubavuni karibu na kitako. Kwa plastiki tumia msumari uliopashwa moto. Kazi hii ifanywe na mtu mzima, nje ya nyumba, kwa sababu ya moshi. Tairi nalo litobolewe upande wa chini, maana maji hutuama kwenye mkunjo wake.

Tatu, paka rangi upande wa nje tu. Plastiki isuguliwe kwanza kwa msasa ili rangi ishike. Njano, nyeupe na kijani kibichi hupendeza, na rangi za mwanga hazichomi mizizi kwa joto kama nyeusi. Chagua rangi isiyo na madini ya risasi, kwani risasi hudhuru ubongo wa watoto.

Nne, funika matundu kwa kipande cha neti, kisha jaza udongo uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri. Bakiza vidole viwili kutoka mdomoni.

Ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja wa nyanya au bamia. Dumu la lita 10 lililokatwa ubavu na kulazwa linafaa kwa mchicha, ambao huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Makopo madogo yapande mrehani au mnanaa. Tairi tuliachie maua.

Tahadhari

Usitumie kabisa chombo kilichowekwa dawa ya wadudu, oili chafu au kemikali za kiwandani, hata kama kimeoshwa. Kingo za makopo zikunjwe kwa koleo zisiwakate watoto.

Maji ya udhu yasiyo na sabuni yanafaa kumwagilia. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa bado na unyevu, subiri. Sahani iliyo chini ya chungu imwagwe na kusuguliwa kila wiki, la sivyo tutakuwa tumewahamisha mbu kutoka uani na kuwaleta barazani.

Na akitokea mgonjwa mwenye homa kali na maumivu ya viungo, asipewe aspirini wala brufeni, kwani katika dengi dawa hizo zinaweza kuzidisha kutoka damu. Apelekwe kituo cha afya.

Ijumaa hii kabla ya kwenda msikitini, waite watoto mzunguke uani pamoja. Kila chombo kinachotuama maji kitobolewe kipandwe, kifunikwe, au kiondolewe.